Jiwe Jeusi la Goma: kwa wanaopenda mlima kwa miguu na kwa kinga

Mtu wa Goma, mashariki mwa Kongo, hana haja ya kwenda mlimani ndipo aukanyage mlima. Nyiragongo, volkano yetu, imeshuka yenyewe hadi mlangoni: Januari 1977, Januari 2002, Mei 2021. Kuta za nyumba, uzio wa viwanja, kokoto zinazogongwa kwa nyundo kando ya barabara, vyote ni lava. Kwa hiyo anayependa kutembea milimani, kukwea miamba au kuendesha kinga (baiskeli, kwa msomaji wa Mombasa au Dodoma) asianze kwa kuuliza kiatu gani kizuri wala kinga ya aina gani. Aanze kwa kuokota jiwe.

Liokote moja, la ukubwa wa ngumi, uligeuze. Ni jepesi kuliko linavyoonekana, kwa sababu limejaa vitundu kama andazi lililoumuka: ni gesi iliyokuwa ikitoka wakati lava inaganda. Pitisha kidole gumba polepole kwenye ukingo wa vitundu hivyo. Pale jiwe lilipopoa haraka limekuwa kioo, na kioo hicho hakichakai kwa mvua ya miaka michache. Sasa mwaga kikombe cha maji kwenye lundo la mawe hayo. Yamekwenda. Jiwe hili linakata, linaviringika chini ya mguu, na ardhi yake inameza maji. Karibu kila kosa ambalo watu hulifanya kwenye milima ya huku linatokana na kusahau mojawapo ya mambo hayo.

Tuseme la usalama mapema ili lisitusumbue baadaye. Baada ya mlipuko wa Mei 2021 njia ya Nyiragongo ilifungwa, na vita vilivyofuata havikuirudisha ile hali ya zamani ya watalii kupanda kwa makundi. Mlima uko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na bila ruhusa ya hifadhi pamoja na walinzi wake hakuna safari. Kupenya kwa njia za wachoma makala (mkaa) ni ujinga, tena ujinga unaoua: mahali palipopiganwa hubaki vyuma ambavyo havijalipuka, na majani hayachagui nani wa kumficha. Hata kwa kinga, kanuni ni moja. Asubuhi ile ile ya safari ongea na wamotari (waendesha pikipiki) waliotoka upande unaokwenda wewe. Habari ya jana jioni imeshachacha. Na usitoke nje ya njia, hata kwa haja ndogo.

Ukizingatia hayo, elimu ya mlima haijafungwa. Viatu huzoeshwa mjini, mapafu hufunzwa mjini, tairi hupasukia mjini.

Njia ya Nyiragongo huanzia Kibati, kaskazini mwa mji, kwenye mita 1,989 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa kreta uko mita 3,470. Umbali ni kilomita 8 hivi, na mtu wa kawaida hutumia saa nne hadi sita. Hesabu hiyo iangalie vizuri: ni kupanda karibu mita 1,480 ndani ya kilomita 8, yaani kila hatua mia za mbele zina karibu hatua ishirini za kwenda juu. Mwanzo ni msitu, njia ya udongo, na hapo ndipo wageni hujiua kwa mwendo. Wanapaona rahisi, wanakimbia, wanapiga soga. Baadaye unakuja uwanja wa lava iliyotoka mwaka 2002, mawe malegevu ambayo kila moja lina nia yake. Halafu unapita kando ya Shaheru, kreta ya kale iliyoota majani, na mwisho kabisa ni mwinuko wa mawe matupu chini ya vibanda vya kileleni, ambako upepo hukutana na jasho lako.

Mwendo mzuri ni mita 300 za kimo kwa saa. Kama huna chombo cha kupima kimo, pima kwa mdomo: useme sentensi nzima bila kukata pumzi katikati. Ukishindwa, punguza hatua, usisimame. Kusimama kila dakika tatu kunachosha zaidi kuliko kwenda polepole, kwa sababu misuli hupoa na moyo huanza upya. Pumzika dakika saba au nane baada ya kila dakika 50, na kabla hujakaa chini vaa koti kwanza, ndipo unywe maji. Watu hufanya kinyume.

Hewa ya kileleni ina uzito wa theluthi mbili hivi ya ile ya usawa wa bahari. Sisi tunaoishi mita 1,500 tumeshazoea nusu ya tofauti hiyo, ndiyo maana mtu wa Goma huumwa kichwa kidogo kuliko aliyeshuka jana kutoka Kinshasa. Lakini hakuna mwenye kinga kamili (ile nyingine, si baiskeli). Kuumwa kichwa pamoja na kichefuchefu na kukosa hamu ya chakula ni ugonjwa wa kimo. Dawa yake ni kushuka. Kidonge cha maumivu kinaficha dalili tu, na anayeyumba kama mlevi au anayekohoa mapovu ashushwe papo hapo, hata kama ni usiku.

Maji ni jambo ambalo mtu wa Goma angepaswa kulijua bila kufundishwa. Mji huu hauna mto. Mvua inanyesha kwa fujo, na baada ya saa moja hakuna hata kidimbwi, yote yamezama kwenye lava. Ndiyo sababu mama na watoto wanapanda kutoka ziwani na bidoni za lita 20 mgongoni. Mlimani ni vivyo hivyo: hakuna chemchemi ya kukutegemeza njiani. Beba lita 3 za kupandia, na kama mnalala juu ongeza lita 2 za kupikia, kunywa usiku na kushukia. Lita 5 ni kilo 5, kwa hiyo zipange katikati ya mkoba, karibu na mgongo, zisiwe chini kabisa wala nje, maana zikikuvuta nyuma kwenye mawe malegevu utaanguka chali. Usitegemee kukinga mvua ya juu. Mvua inayopita kwenye moshi wa volkano hushuka na asidi pamoja na floridi, na hilo si la kunywa siku nyingi.

Chakula hakihitaji kununuliwa kwa bei ya dukani. Sambaza (dagaa wa ziwani) waliokaangwa wakakauka vizuri wana chumvi unayoipoteza kwa jasho. Viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, ndizi, na kipande cha fromaji (jibini) ya Masisi ambacho kinavumilia siku mbili bila barafu. Kwanga (mkate wa muhogo) pia ni nzuri, ila mlimani kwenye baridi huwa ngumu kama raba. Kula kidogo kila unapopumzika. Ukisubiri njaa, umechelewa nusu saa.

Kuhusu viatu tuna msimamo mkali. Soli laini ya raketi (raba za michezo), ile inayokunjika ukiikamata kisigino na ncha kwa mikono miwili, itakupeleka kileleni mara moja tu. Lava inaitafuna kwa pembeni, kisha gundi inaachia mbele kwenye vidole. Tafuta kiatu ambacho soli yake haikubali kukunjika katikati, inakunjika pale tu vidole vinapoanzia. Meno ya soli yawe na kina cha milimita 4 au zaidi. Shingo ipite kifundo cha mguu. Kwenye soko la mitumba viatu vizuri vya namna hii hupatikana, ila vina ugonjwa mmoja: vimekaa miaka ghalani, na soli ya katikati, ile ya povu, imeoza kwa ndani huku nje inang'aa. Bonyeza kucha kwenye ubavu wa soli. Ikiacha alama isiyorudi, au ikimeguka kama mkate mkavu, rudisha. Halafu mpelekee fundi viatu ashone mzunguko wote wa soli kwa uzi wa nailoni hata kama haijaachia. Gundi peke yake haitoshi kwa lava. Buti za mpira ambazo wapagazi huvaa ni nzuri sana kwenye tope la msituni. Wao wamezizoea, miguu yao inajua kujishika ndani. Wewe ukizivaa kwa mara ya kwanza utachubuka visigino kabla ya Shaheru.

Na glavu. Watu hucheka ukizitaja, hadi waanguke. Ukiteleza kwenye lava mkono hutangulia wenyewe, na kiganja hufunguka kama kimepitishwa kwenye mbuzi ya nazi. Glavu za ngozi za mjengoni zinatosha.

Kuna namna mbili za lava utakazozikanyaga. Ya kwanza imeganda kwa mikunjo laini kama kamba zilizolazwa, wanajiolojia wanaiita pahoehoe. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo, hivyo ni nyepesi mno inapotoka. Mwaka 1977 ilishuka miteremko mikali kwa kasi iliyokadiriwa kufika kilomita 60 kwa saa. Inapopoa hufanya ganda juu wakati ndani bado inatiririka, kisha ndani hubaki tupu. Ukikanyaga ganda jembamba mguu unazama hadi kwenye goti, na ukiuchomoa kwa hofu unaacha ngozi ya muundi. Ukizama, tulia. Uchomoe wima, polepole, kama unavyotoa mkono kwenye mtungi. Ya pili ni lundo la makoko yaliyovunjikavunjika. Hapo usitafute jiwe kubwa zuri la kukanyaga. Mguu uweke kati ya mawe, palipokwisha kujaa, kwa soli nzima. Fimbo itangulie. Igonge chini kabla ya mguu: sauti nzito isiyovuma ni salama, sauti ya ngoma ni pango.

Baridi ya juu haina mjadala. Kila mita 100 unazopanda hupunguza kama nusu nyuzi na kitu, tuseme 0.6. Kati ya Goma na kileleni kuna mita 2,000 hivi, basi toa nyuzi 12. Usiku wa nyuzi 16 mjini ni usiku wa nyuzi 4 kule, bado hujaweka upepo. Shati la pamba lililolowa jasho ndilo adui. Likishalowa halikauki, na linanyonya joto la mwili usiku kucha. Vaa sufu au nyuzi za plastiki karibu na ngozi. Mitumbani lebo mara nyingi imekatwa, kwa hiyo chomoa uzi mmoja kwenye pindo uuchome kwa kiberiti. Ukinuka nywele zilizoungua, ni sufu. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, ni plastiki, nayo inafaa. Ukinuka karatasi na kuacha majivu mepesi, ni pamba, uiache sokoni au ivae kwenda kanisani.

Pale ukingoni kuna gesi. Haroun Tazieff, mtaalamu wa volkano aliyeliona ziwa la lava la Nyiragongo mwaka 1948 na kulirudia kwa miaka mingi, alifanya wengi waote kusimama pale. Wachache hufikiria koo. Dioksidi ya salfa hukata pumzi yako kama moshi wa viberiti mia vilivyowashwa pamoja. Kitambaa chenye maji huzuia vumbi, si gesi. Ukianza kukohoa geuza uso upande upepo unakotoka na uondoke kwenye ukingo, usikae kupiga picha ya mwisho. Mwenye pumu asipande hadi kule, hata akiwa na dawa mfukoni.

Mpanda ngazi hushuka, na kwenye lava magoti ndiyo hulipa bili. Kabla ya kushuka kata kucha za miguu (siku tatu kabla, si asubuhi ile, maana kucha iliyokatwa sasa hivi ina ncha). Funga kamba za kiatu upya: legeza sehemu ya vidole, kaza sana pale kifundo kinapokunjika, ili mguu usiteleze mbele. Rekebisha fimbo iwe ndefu zaidi kwa kiganja kimoja kuliko uliyopandia. Hatua ziwe fupi, magoti yasinyooke kabisa, na pua iwe juu ya vidole. Mwili ukiegemea nyuma kwa woga, visigino vinakuwa magurudumu. Mkiwa wengi msishuke mstari mmoja kwenye makoko, kila mtu awe pembeni kidogo ya mwenzake, na jiwe likiponyoka pigeni kelele "jiwe!" hata kama ni dogo. Watu wenye miaka sitini wanaoendelea kupanda ni wale waliojifunza kushuka wakiwa na ishirini.

Kwa wapenda kamba tuna maneno machache, kwa kuwa lava si mwamba wa kukwea kwa starehe. Ukuta wake umejengwa kwa tabaka, na tabaka moja halijashikana na jingine. Gonga kwa kiganja kabla ya kuning'inia. Kamba ikipita ukingoni iwekee kipande cha bomba la maji lililopasuliwa au zulia kuukuu, maana ukingo wa kioo unakata ganda la kamba kwa kuyumba mara chache tu. Na ukifunga kwenye nanga mbili (sehemu za mwamba zinazoshikilia kamba), pembe kati ya kamba zake isizidi nyuzi 60. Kwa pembe hiyo kila nanga hubeba asilimia 58 ya uzito. Ukiipanua hadi 120, kila moja inabeba uzito wote, na umebaki na mbili zisizosaidiana.

Tugeukie kinga.

Kinga nzito ya chuma, yenye meno 44 mbele na 18 nyuma, inapiga zaidi ya mita 5 kwa mzunguko mmoja wa pedali. Ni nzuri kwa tambarare, ni adhabu kwenye kilima cha Sake. Kwa milima tafuta uwiano unaofika moja au chini yake: meno 32 mbele, 34 nyuma, tairi ya inchi 26. Hapo mzunguko mmoja ni karibu mita 1.9, na ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 7 kwa saa, umekaa kitini, unaongea. Mwendo huo unakufikisha popote. Anayesimama kwenye pedali kila kona anachoma miguu ambayo ataihitaji jioni, tena gurudumu la nyuma likikosa uzito huteleza kwenye kokoto.

Upepo wa tairi ndio siri ya Goma. Ukiijaza ngumu kama jiwe, kila ncha ya lava inasukuma moja kwa moja kwenye raba na kuichana. Ukiiacha laini mno, gurudumu likigonga jiwe mpira wa ndani unabanwa kati ya jiwe na ringi, unatoboka matundu mawili sambamba kama meno ya nyoka. Kwa mtu wa kilo 70 na tairi ya unene wa inchi 2.1, anza na ba (kipimo cha upepo) 2.5 nyuma na 2.2 mbele. Ukiona matundu mawili, ongeza 0.2. Ukiona mpasuko mmoja wa wembe ubavuni, tatizo si upepo, ni namna unavyopita: usikwaruze ubavu wa tairi kwenye jiwe, lipande kwa kichwa au liepuke kabisa.

Kuziba nako kuna utaratibu ambao haraka huuharibu. Toa upepo wote, bonyeza kingo mbili za tairi ziingie kwenye bonde la katikati ya ringi, kisha anza kuchomoa upande ulio mkabala na valvu. Kijiko kinafaa, bisibisi hapana, itakutobolea la pili. Kabla hujashughulika na mpira, tafuta kilichotoboa. Usipitishe vidole ndani ya tairi. Pitisha kitambaa, kitanasa kwenye kipande cha kioo cha lava ambacho jicho halikioni. Wanaoruka hatua hii ndio wanaoziba mara tatu kwa siku na kumlaumu muuza gundi. Kwaruza mpira eneo kubwa kuliko kiraka, paka gundi nyembamba, na usubiri dakika tano hadi ipoteze mng'ao. Ikiwa bado inang'aa, kiraka kitaelea. Bandika, kandamiza kwa mpini wa kisu kutoka katikati kwenda pembeni, kisha pakaza vumbi laini au majivu ili gundi iliyozidi isishikane na tairi.

Kama tairi lenyewe limechanika, mpira utachungulia nje na kupasuka kwa mlio. Weka ndani kipande cha tairi kuukuu cha sentimita 3 kwa 5, kingo zake zimepunguzwa kwa kisu. Huna? Noti iliyokunjwa mara nne inakufikisha nyumbani. Iwe mpya, lakini. Zile faranga zetu zilizochoka, zenye rangi ya udongo, hazifai hata kwa kazi hiyo.

Mahali unaposimama kuziba ni muhimu kuliko kiraka. Kando ya ziwa, kuelekea Mugunga, Bulengo na Sake, kuna mabonde madogo ambamo dioksidi ya kaboni hutoka ardhini na kutuama. Tunaiita mazuku. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, kwa hiyo inajaa shimoni kama maji, haina rangi, na pua haikuonyi. Hatari yake ni kubwa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Jua likipanda na hewa ikichanganyika, inatawanyika. Aliyepata pancha saa kumi na moja na nusu asubuhi, akaisukuma kinga kwenye bonde ili ajifiche baridi, akapiga magoti kuchunguza tairi, amejizamisha. Hewa yenye sehemu kumi kwa mia ya gesi hiyo inaangusha mtu mzima kwa dakika chache.

Dalili zipo kwa anayetazama chini. Majani yamekauka kwa mstari, kana kwamba bonde limejazwa kitu hadi kimo fulani. Wadudu wamekufa, wakati mwingine panya au ndege, na hakuna nzi juu yake. Wengine hupima kwa kiberiti. Ni kipimo kibaya, kwa sababu moto ukizimika na wewe ulishaanza kuvuta. Kanuni ni nyepesi zaidi: ziba tairi juu ya tuta, pumzika juu ya tuta, lala juu ya tuta. Mbwa na mtoto huanguka kwanza kwa kuwa pua zao ziko chini. Na mwenzako akianguka shimoni usirukie kumwokoa, kwani wengi waliofia mazuku walikuwa wanafuata aliyetangulia. Mvute kwa kamba au kwa mti mrefu ukiwa umesimama juu, au kama lazima uingie, vuta pumzi nje, izuie, mvute hatua chache, toka.

Kuhusu breki, walimu wetu ni waendesha chukudu. Kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, ambacho sanamu yake ya rangi ya dhahabu imesimama kwenye mzunguko mjini tangu 2009, hushuka na viazi na kabichi za Kibumba kikiwa na mzigo mzito kuliko dereva. Breki yake ni kipande cha raba ya tairi kinachokanyagwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Tazama anavyokitumia: hakishikilii. Anakanyaga kwa nguvu, anaachia, anakanyaga tena, na anaanza kabla ya kona, siyo ndani yake. Mzigo mzito wote uko chini. Fanya hivyo hivyo kwa kinga. Breki za ringi zikishikiliwa mteremko mzima hupasha ringi joto hadi mpira wa ndani unapasuka, na hilo likitokea gurudumu la mbele huna la kufanya. Finya kwa sekunde mbili, achia, badilisha mbele na nyuma. Uzito urudishe nyuma ya kiti.

Kila wiki kagua raba za breki. Utaona punje nyeusi zinazong'aa zimejichimbia ndani. Ni lava. Ukisikia ringi inakwaruza kama mtu anayesaga mahindi, ni hizo, zinakula alumini. Zichokoe kwa ncha ya kisu, moja moja, kisha sugua raba kwenye sakafu ya saruji hadi uso uwe mweusi usiong'aa.

Mnyororo nao unakufa mapema huku kuliko kwingine. Vumbi la lava likichanganyika na mafuta mengi linakuwa dawa ya kusagia chuma. Mafuta yawe tone moja kwa kila pini, zungusha pedali nyuma dakika moja, kisha futa yote unayoweza kuyafuta. Mnyororo mzuri ukiushika unaacha doa hafifu kidoleni, hauachi tope. Upime kwa rula: nafasi 24 za mnyororo mpya, kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya ile ya 25, ni milimita 304.8. Ikifika 306.5, badilisha. Ukingoja 308, meno ya gia za nyuma yamekwisha kulingana na ubovu wake, na mnyororo mpya utaruka juu yake. Utanunua vyote viwili.

Usioshe kinga kwa maji ya kununua kwa bidoni. Ni anasa, na yanapeleka mchanga ndani ya beringi. Brashi kavu ya nguo inatosha, kutoka juu kwenda chini, mnyororo mwisho. Viatu vivyo hivyo: toa soli ya ndani, chokoa mawe kati ya meno, jaza karatasi za magazeti kuukuu na uzibadilishe baada ya saa mbili. Vikaushe kivulini penye upepo. Usiviweke karibu na mbabula (jiko la makaa). Gundi ya soli hulainika kwa joto lile, na hutajua hadi safari nyingine, kilomita ya tano, soli itakapofungua mdomo.